Picha ya Januari

Kila asubuhi, kabla kompyuta yangu haijamaliza kuwaka, huwa nafuta kioo chake kwa kipande cha leso kuukuu ya mama, namimina chai ya thamosi kwenye kikombe cha bati, kisha nakaa kimya nikitazama picha ya kwanza ikijichora kutoka juu kwenda chini, taratibu, kama mtu anayeshusha pazia. Ni dakika nne hivi. Ofisi yetu iko Buruburu, ghorofani, juu ya duka la dawa, na saa mbili kasorobo hakuna mtu mwingine ndani. Dakika hizo nne nazipenda kuliko siku nzima inayofuata.

Jumanne ile nilikuwa bado nimeshika kitambaa mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Bwana Munene, mwenye ofisi, mtu ambaye hajawahi kufika kabla ya saa nne. Alikuwa amebeba keki.

"Ndinda!" akasema. "Msitu umerudi!"

Nilishtuka, chai ikamwagikia kibodi.

Keki yenyewe ilikuwa imepakwa krimu ya kijani, na juu yake kumeandikwa kwa krimu nyeupe: 38%. Aliiweka mezani kwangu, juu ya karatasi zangu, akasimama kando akiitazama kama mtu aliyetoka leba.

"Asilimia thelathini na nane," akasema. "Msitu umeongezeka hivyo, vilima vyote kumi na vitano vikijumlishwa. Miaka kumi! Watu husema misitu ya nchi hii inaisha. Inaisha wapi?"

Kazi yetu ni kutazama ardhi kutoka juu. Setilaiti hupita, hupiga picha, sisi tunachukua picha ya zamani na ya karibuni za mahali pamoja, kisha tunaifundisha kompyuta rangi: huu ni msitu, hili ni shamba, haya ni mabati, huu ni mchanga mtupu. Ikishajua, inatuambia nini kilibadilika na kwa kiasi gani. Safari hii shirika moja lilitupa vilima kumi na vitano vya Ukambani. Lilikuwa na miche, walinzi na waya wa ua wa kutosha vilima saba tu. Saba vilivyopoteza msitu zaidi vitasaidiwa. Vilivyobaki vitajijua.

Kimojawapo kinaitwa Ithemboni. Chini yake anakaa susu yangu, mama yake baba, ambaye mimi nimepewa jina lake. Chemchemi ya Ithemboni, ambayo baba aliinywa utotoni bila kujua kuna maji ya aina nyingine, siku hizi hutoka miezi mitatu kwa mwaka. Miezi mingine tisa susu anatembea hadi kisima cha mbali, na miaka yake themanini, na punda mkaidi kuliko yeye. Katika ramani niliyoitengeneza mimi, Ithemboni kilikuwa cha pili kutoka chini. Kilikuwa kimeingia kwenye saba bila wasiwasi.

Niliifuta kibodi kwanza, maana mikono yangu ilihitaji kazi. Kisha nikafungua ramani mpya ya Bwana Munene. Ithemboni kilikuwa kijani tupu. Kilikuwa kimeongeza msitu kwa nusu.

"Ile picha yako ya Septemba ilikuwa na wingu juu ya vilima viwili," akanieleza, akitafuta kisu cha keki kwenye droo ya karani wetu, Eve. "Nikasema, hatuwezi kumpelekea mteja mawingu. Jumapili nimetoka kanisani, nikaketi, nikatafuta nyingine. Nikapata ya Januari hii. Safi! Hakuna wingu hata moja."

"Na ya zamani?" nikauliza.

"Ya zamani ni ile ile. Septemba, elfu mbili na kumi na nne."

Septemba, Ukambani hakujaona mvua tangu Mei. Vichaka vyote vimepukutisha majani, na vilima vina rangi ya biskuti. Januari, mvua za Novemba na Disemba zimetoka kunyesha, na kila mwiba, kila gugu, kila kitu kinachoweza kuota jani kimeota. Kulinganisha picha hizo mbili ni kama kumpima mtoto mwaka huu akiwa pekupeku, na mwaka ujao umpime amesimama juu ya stuli, halafu ununue keki.

Hayo ndiyo niliyotaka kusema. Nilichosema ni hiki:

"Bwana Munene, labda tungeangalia tena tarehe."

"Tarehe ziko sawa. Miaka kumi na miezi kidogo."

"Namaanisha... misimu."

"Misimu?" Akacheka, si kwa ubaya. Bwana Munene si mtu mbaya, na hilo ndilo linalochosha. "Ndinda, mti ni mti. Mimi nimezaliwa Kirinyaga. Nimeuona mti Januari, nimeuona Septemba. Ni ule ule."

Na kwao ni kweli. Kwao majani chai ni ya kijani mwaka mzima, migomba ni ya kijani, hata ua wa nyumba ni wa kijani. Mtu aliyelelewa chini ya Mlima Kenya hawezi kuwazia kilima kizima kikivua nguo na kuzivaa tena. Sikujua nianzie wapi kumweleza. Nikakatiwa kipande cha keki. Nikakila.

Eve aliingia saa tatu, na viatu vyake mkononi kwa sababu ya matope ya stendi. Anatoka Dandora, na hana haya hata kidogo. Nimewahi kutamani anikopeshe ujasiri wake wiki moja tu.

"Niaje, Ndinda? Mbona unakaa ni kama umefiwa na hapa kuna keki?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini, kwa sababu Bwana Munene alikuwa kwenye simu akimwambia mtu habari za asilimia thelathini na nane. Eve alisikiliza akilamba krimu kidoleni.

"Kwa hivyo hiyo ramani ni feki."

"Si feki. Ni... misimu haijalingana."

"Ndinda. Ni feki ama si feki?"

"Haiko sahihi."

"Basi si umwambie hivyo? Shida yako ni moja. Wewe ukisema 'labda', huyo anasikia 'sawa boss'."

Niliamua kumwandikia. Kwa maandishi mimi ni jasiri zaidi, au hivyo ndivyo ninavyojidanganya. Nilikaa na barua pepe ile hadi saa sita, nikiongeza maneno na kuyapunguza, na ilipokwisha ilisema: Samahani kwa kukusumbua. Nadhani huenda ikafaa, ukipata nafasi, tutazame upya suala la miezi ya picha, ingawa kazi ya Jumapili ilikuwa nzuri sana. Jibu lilikuja baada ya dakika moja. Kidole gumba kilichoinuliwa.

Alasiri niliandika tena, kwa kalamu, kwenye kikaratasi cha njano: Septemba si Januari. Nikakibandika kwenye kikombe chake. Aliniambia asante kwa kumkumbusha, maana kodi ya ofisi hulipwa Septemba.

Jioni niliweka maelezo madogo kwenye ramani yenyewe, chini kwenye kona: Picha hizi ni za misimu tofauti. Asubuhi ya Jumatano yalikuwa yamefutwa. "Yanachafua ramani," akasema Bwana Munene. "Na Madam Teresiah wa shirika anakuja Ijumaa saa nne. Tafadhali, hapo usiguse tena."

Nilienda msalani nikafungua bomba, nikasimama tu hapo nikisikia maji. Nilikuwa nimemkasirikia yeye, na kompyuta yake, na Kirinyaga yote na majani chai yake. Lakini mtu niliyemkasirikia zaidi alikuwa akinitazama kwenye kioo cha msala, na bado hakuwa amefungua mdomo.

Niliporudi nilikuwa na mpango. Setilaiti haipiti mara moja. Wingu lililokuwa juu ya vilima viwili tarehe kumi na mbili Septemba huenda halikuwepo tarehe ishirini na mbili. Nikitafuta picha nyingine ya mwezi ule ule, niziunganishe, nitakuwa na Septemba kwa Septemba, bila wingu, na hapo hakuna atakayehitaji kunisikiliza. Ramani itasema yenyewe. Mimi nitakaa kando.

Picha nilizipata. Kuzishusha ndiko kulikonitoa roho. Zilianza saa tano. Saa saba zilikuwa zimefika asilimia sitini na moja, zikasimama. Nikachungulia kompyuta ya Eve, nikakuta anashusha sehemu nane za tamthilia.

"Manze, pole. Lakini leo ndiyo anajua mtoto si wake."

Alisimamisha. Saa tisa zikafika asilimia themanini na tatu, stima ikapotea. Buruburu nzima ikanyamaza, kisha majenereta ya madukani yakaanza kulia moja baada ya jingine, yote isipokuwa letu, ambalo petroli yake Bwana Munene alikuwa ametia kwenye gari siku ya Jumapili ili afike kanisani. Stima iliporudi, hesabu ilianza upya kutoka sifuri. Niliweka kipaji cha uso juu ya meza. Ilikuwa bado inanukia keki.

Alhamisi nilibeba kompyuta ya mkononi hadi nyumbani Makadara. Ilikuwa saa kumi na moja na jua bado lilikuwa kwenye mabati. Baba yangu, Kyule, ni mchongaji. Ana kibanda nyuma ya nyumba, na siku ile kabla sijafika mlangoni nilimsikia akigombana na kipande cha mti.

"Huu si mti," akaniambia bila salamu. Alikuwa ameshika nusu ya twiga. Miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja. "Huu ni sabuni. Nimemwambia yule mtu wa lori aniletee kitu cha kuchonga, ananiletea mwembe. Shingo imevunjika mara mbili. Twiga bila shingo ni nini, mwaitu? Ni mbuzi!"

Kwa Kikamba, mwaitu maana yake ni 'mama yangu'. Kwa kuwa nina jina la mama yake, ananiita hivyo tangu nizaliwe, hata akinigombeza.

Nilikaa kwenye kona yangu ya siku zote, juu ya gogo lililofunikwa gunia, nikawasha intaneti ya simu, nikaanza kushusha picha tena. Wakati zinashuka nilimwonyesha ramani ya Bwana Munene, nikamsimulia habari ya keki na ya mkutano wa kesho. Nilitaka tu mtu wa kunihurumia. Baba aliinama, akasukuma miwani juu, akatazama Ithemboni kilichokuwa kijani kama bamia.

"Picha ni ya mwezi gani?" akauliza.

Nilimtazama. Siku tatu nilikuwa nimetafuta namna ya kumfanya mtu mmoja mwenye digrii mbili aulize swali hilo.

"Januari."

"Na nyinyi mnalipwa?" Akarudi kwa twiga wake. "Januari hata barabara ya lami huota majani kule. Tazama Septemba. Msitu wa kweli, ule wa muhugu, mti wetu wa kuchonga, haukuwa unaacha majani. Tukiwa wadogo, kila kitu kimekauka, ungeona kofia nyeusi pale juu kutoka sokoni. Septemba ndiyo mwezi wa kujua nani ni mti na nani ni gugu."

Picha zilimaliza kushuka saa kumi na mbili kasorobo. Niliunganisha tarehe mbili, wingu likatoka. Nikaweka Septemba ya mwaka elfu mbili na kumi na nne upande wa kushoto, Septemba iliyopita upande wa kulia. Kushoto, juu ya Ithemboni, ile kofia ilikuwepo, kijani iliyokolea, karibu nyeusi. Kulia palikuwa na rangi ya biskuti hadi kileleni. Nilitafuta picha za miaka ya katikati ili kujua ilienda lini. Mwaka wa kumi na tano ilikuwa imeliwa upande mmoja. Kumi na sita, nusu. Kumi na saba ilibaki kama kifungo cha shati. Septemba ya kumi na nane hakukuwa na kitu.

Niliingia kidato cha kwanza elfu mbili na kumi na tano. Nilimaliza cha nne kumi na nane.

Baba alikuwa ameacha kupiga patasi. Alikuwa akitazama kioo juu ya bega langu, na vumbi la mwembe kwenye nyusi zake.

"Inuka," akasema.

Niliinuka. Alivuta gunia. Miaka yote nilikuwa nimeketi juu ya gogo lile bila kuuliza kwa nini halichongwi. Alimwagia maji kidogo ya chupa, akafuta kwa kiganja, na rangi ya asali ikatokea, na harufu ambayo niliijua kabla sijajua kusoma.

"Yule mtu wa lori alikuwa akileta magogo ya Ithemboni kama hili, kumi na mbili, kumi na tano," akasema. "Ndovu, viboko, vifaru, wazungu walikuwa wanapenda sana vifaru. Halafu siku moja akaja na moja. Nikamuuliza, mengine? Akaniambia, mzee, ni hilo tu, chukua, kilima kimefungwa. Nikadhani kimefungwa na serikali." Alicheka kwa pua. "Nikashindwa kulichonga. Kila nikishika patasi namwona mama yangu na mtungi."

"Hukuniambia."

"Uliniuliza?"

Sisi wawili tunafanana sana katika hilo, nadhani ndiyo maana nyumba yetu huwa na kimya kingi.

"Sasa hao watu wa kesho," akasema. "Ukiwaonyesha hiyo picha, watakuuliza miti ilienda wapi. Utawaambia nini?"

"Nitasema sijui."

"Unajua."

"Baba, siwezi kusema hivyo mbele ya watu. Watakuona wewe ndiye..."

"Mimi ndiye nini? Mimi nilinunua. Si siri, kuna ndovu wangu hadi Ujerumani." Akachukua tena twiga aliyevunjika, akamgeuza huku na huku, akamtupa kwenye kapu la kuni. "Mwaitu, kitu cha kuonea haya si hicho. Ni susu yako kuchota maji kwa punda wakati wewe unakula keki ya watu wa Kirinyaga."

Ijumaa saa nne kamili Madam Teresiah alifika kutoka kwenye shirika. Alikuwa mama mfupi, mwenye koti zito na kalamu nyekundu aliyoiweka mezani kabla hata ya mkoba. Eve alileta chai. Bwana Munene alikuwa amevaa tai. Ramani zilikuwa zimewekwa kwenye kompyuta yangu, zikionyeshwa ukutani, na kazi yangu ilikuwa moja: yeye akisema endelea, mimi nibonyeze.

Asubuhi, kabla wageni hawajafika, nilikuwa nimemtumia Bwana Munene ramani yangu mpya. Nilimwona akiifungua kwenye simu. "Nzuri," akasema, "tutaitumia ripoti ijayo." Kisha akaenda kutengeneza tai.

"Mtagundua," alikuwa akisema sasa, "kwamba hali ni ya kutia moyo. Ndinda, endelea."

Nilibonyeza. Kilima cha kwanza. Kijani.

"Endelea."

Cha pili. Cha tatu. Madam Teresiah alikuwa na orodha ya majina mbele yake, na kila kilima kilichoonekana kuongeza msitu alikipitishia mstari mwekundu. Hakuwa na haraka wala huruma. Mstari, kisha anywe chai. Cha sita kilikuwa Ithemboni.

"Hiki ndicho cha ajabu," akasema Bwana Munene. "Kimeongeza kwa nusu. Nusu nzima! Wenyeji wa hapa wanastahili pongezi. Endelea."

Sikubonyeza.

"Ndinda. Endelea."

Kalamu nyekundu ilikuwa imefika kwenye jina. Eve, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, alinitazama akainua nyusi zote mbili.

"Kompyuta imekwama?" akauliza Bwana Munene.

"Hapana," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliye chumba kingine. "Labda..."

"Samahani?" Madam Teresiah akageuka. "Sikukusikia, binti."

"Nilisema labda..." nikaanza tena, na Eve akaguna kwa sauti kubwa kiasi kwamba kila mtu alimtazama yeye. Nikapata nafasi ya kuvuta pumzi. Nilifunga ramani ya Bwana Munene. Ukuta ukawa mweupe kitambo kidogo, kisha nikafungua yangu, Septemba na Septemba, kofia nyeusi upande mmoja na biskuti upande wa pili.

"Ndinda, hiyo siyo tuliyokubaliana," akasema Bwana Munene.

"Ramani yako haiko sahihi," nikamwambia. Niliiweka mikono chini ya meza. "Nimejaribu kukwambia tangu Jumanne, lakini nimekuwa nikikwambia vibaya. Picha yako ni ya Januari, mvua imetoka kunyesha, na hayo yote ya kijani ni vichaka na magugu. Ikifika Septemba hayapo. Msitu haujarudi. Vilima hivi vyote vimepimwa vibaya, hata vile vilivyokwisha kupita."

Bwana Munene alitazama ukuta, kisha akatazama ukuta tena. Nilimwona akisoma tarehe mbili zilizoandikwa chini, midomo ikicheza bila sauti, na masikio yake yakawa mekundu. Madam Teresiah alikuwa ameinua kalamu, lakini hakuwa ameiweka chini.

"Huu weusi," akasema, akiielekeza kwenye upande wa kushoto. "Huu ulikuwa msitu?"

"Ndiyo. Muhugu."

"Na ulienda wapi?"

Sijui, ndilo neno lililokuja kwanza. Lilikuwa pale kwenye ulimi, jepesi, limezoea njia.

"Ulichongwa," nikasema. "Ndovu na vifaru vya kuuzia watalii. Lori lilikuwa likiuleta Makadara, na baba yangu ni mmoja wa waliokuwa wakinunua. Gogo la mwisho la kilima hicho liko nyumbani kwetu, mimi hulikalia. Mengine yote yalinisomesha, kidato cha kwanza hadi cha nne, picha za miaka ya katikati zinayaonyesha yakipungua mwaka kwa mwaka. Na sasa susu yangu hana maji. Kwa hivyo naomba, kama itawezekana..."

Nikaacha. Niliitoa mikono chini ya meza.

"Siombi," nikasema. "Ithemboni kisikatwe. Kiandikeni kwenye orodha."